Ping inajibu, ukurasa haufunguki: njia tuli kwenye ruta ya nyumbani

Wengi wanaoniletea tatizo la njia tuli, yaani njia unayoiandika mwenyewe kwenye ruta ili ijue mtandao mwingine unafikiwa kupitia wapi, huanza hivi: "Nimeiandika sawasawa, mbona haifanyi kazi?" Nikiangalia, mara nyingi kweli wameiandika sawasawa. Kasoro iko kwenye njia ambayo hawakuifikiria, ile ambayo jibu linapitia kurudi.

Chukua mtandao wenye ruta mbili. Ruta kuu ni 192.168.1.1, ndiyo inayotoka intaneti. Ya pili imechomekwa humo kama 192.168.1.2, NAT yake (kazi ya kubadilisha anwani za data inayopita) imezimwa, na nyuma yake kuna mtandao wa 192.168.2.0. Kwenye ruta kuu unajaza: mtandao unakokwenda 192.168.2.0, maski 255.255.255.0, lango 192.168.1.2. Wapo wanaojaza lango 192.168.2.1. Hilo haliwezekani, kwa sababu lango lazima liwe jirani ambaye ruta tayari inamfikia moja kwa moja. Na hiyo 192.168.1.2 ifunge isibadilike, maana ikitolewa na DHCP, mfumo wa kugawia vifaa anwani, siku moja itakuwa nyingine na njia yako itaelekea pasipo mtu.

Sasa sahau kwanza ile njia tuli. Kifaa kilicho nyuma ya ruta ya pili kinaita kompyuta 192.168.1.20. Pakiti, yaani kipande cha data, inafika bila shida. Kompyuta inajibu, jibu linakwenda ruta kuu, nayo kwa kuwa haijui 192.168.2.0 iko wapi inalitupa upande wa intaneti. Huko anwani za 192.168 hazipitishwi, ni za matumizi ya ndani tu kwa mujibu wa RFC 1918, waraka wa kanuni za intaneti wa mwaka 1996. Aliyeita anaona kimya, na kimya cha jibu lililopotea hakitofautiani na kimya cha ombi ambalo halikufika. Ndiyo maana ninawasihi watu waendeshe tcpdump, programu ya kuonyesha pakiti zinazoingia na kutoka, kwenye mashine inayopigiwa wito. Ukiona ombi linaingia, njia ya kwendea ni nzima, usiiguse tena. Kwenye Windows chunguza pia fayawoli (kinga inayochuja pakiti), kwani mara nyingi hukataa ping, ombi la kupima kama kifaa kinafikika, ikitoka subneti nyingine, yaani kundi jingine la anwani.

Lililonichosha zaidi lilikuwa la printa, 192.168.2.50, njia tuli ikiwa tayari kwenye ruta kuu. Kutoka 192.168.1.20 ping ilijibu kila mara. Ukurasa wake wa mipangilio ukazunguka tu, haufunguki. Nilibadilisha kebo, nikawasha upya ruta zote mbili, hola. Niliponasa pakiti ndipo nikaona: ombi la kuanza, SYN, lilipita ruta kuu, likaenda ya pili, likafika. Jibu, SYN-ACK, halikurudi kwa njia ileile. Ruta ya pili iko mtandao mmoja na kompyuta, kwa hiyo ililikabidhi moja kwa moja. Kompyuta ikatuma ACK, uthibitisho ambao ni hatua ya tatu ya kufungua mawasiliano, kupitia ruta kuu, na fayawoli ya ruta kuu, ambayo haikuliona jibu la katikati, ikaiona ACK hiyo kama pakiti isiyo na mwenyewe, ikaitupa. Ping ilipona kwa sababu kila ombi lake linajitegemea, halihitaji hatua ya tatu.

Kuthibitisha, nilifungua dirisha la amri la Windows kwa mamlaka ya msimamizi nikaandika:

route -p add 192.168.2.0 mask 255.255.255.0 192.168.1.2

Ukurasa ukafunguka papo hapo, maana kompyuta sasa inamwendea jirani bila kupitia ruta kuu. Lakini kwenye simu hakuna pa kuandika amri hiyo. DHCP inaweza kugawa njia kwa chaguo namba 121, ila si kila kifaa hulisoma na ruta nyingi za nyumbani hazina sehemu ya kulijaza. Kama ruta kuu inakuruhusu kutenga tundu moja, fanya nilivyofanya: ziunganishe ruta mbili kwa subneti yao pekee, kwa mfano 192.168.3.0, usiweke kifaa kingine humo, na kwenye njia tuli lango liwe 192.168.3.2. Hapo kwenda na kurudi kote kunapita ruta zote mbili.