Marketri si njumu

Mtu wa Lamu au Unguja akioneshwa kabati la kale la Kifaransa, lenye maua ya shaba yanayong'aa kwenye uso mweusi, neno la kwanza kumjia ni njumu. Hajakosea sana. Lakini fundi wa njumu huchimba ubao, kisha hujaza kishimo kwa pembe au madini, kama tunavyoona kwenye kiti cha enzi. Kwenye marketri, pambo la kabati hilo la Kifaransa, ubao hauchimbwi. Vipande vyembamba vya mbao, shaba au gamba hupangwa mpaka picha itimie, halafu picha nzima hubandikwa juu ya kabati la mbao za kawaida, kama ngozi juu ya ngoma.

Aliyeipa sifa kubwa ni André-Charles Boulle wa Paris, fundi wa mfalme Louis XIV tangu 1672. Hakuibuni yeye, ila ile ya shaba na gamba ilibaki na jina lake. Alishikanisha bapa la shaba ya manjano na bapa la gamba la ng'amba (ndiyo, kasa yuleyule wa bahari yetu), akachora juu, akapitisha msumeno mwembamba kama uzi kwenye yote mawili kwa pamoja. Ua la shaba likaingia kwenye tundu la gamba, na ua la gamba kwenye tundu la shaba. Mkato mmoja, mapambo mawili! Lenye uso wa gamba huitwa première-partie, na mwenzake contre-partie. Wanunuzi wengi huthamini zaidi la kwanza. Mimi macho yangu huenda kwa la pili, shaba tele.

Fundi wa kazi hii huitwa ébéniste, kutokana na ébène, mti mweusi mgumu kama mpingo wetu. Wa viti na milango ni menuisier.

Baadaye picha za mbao zilirudi badala ya shaba na gamba. Jean-François Oeben alianza dawati la mfalme Louis XV mwaka 1760, akafa 1763. Mwanafunzi wake Jean-Henri Riesener alilimaliza 1769, baada ya kumwoa mjane wa bwana wake. Mafundi wa enzi hiyo walitia mbao rangi ili jani liwe kijani hasa. Leo majani hayo ni kahawia, mwanga umeyala. Ukitaka kuona kijani chenyewe, chungulia ndani ya kabati, pale jua lisipofika.