Saa Moja ya Mikono: Dhana Potofu Kuhusu Bei ya Kuchuliwa Mtwara

Katika mji wa Mtwara, kuanzia saluni za Shangani hadi vyumba vya kitanda kimoja vya Chikongola na Magomeni, malalamiko juu ya bei ya masaji yamekuwa ya kawaida kama malalamiko juu ya bei ya dagaa. Aliyezoea kulipa shilingi 10,000 kwa saa moja anaambiwa 15,000, na kinyozi ambaye zamani alimkanda mteja kichwa na mabega bila malipo baada ya kumnyoa, leo anaitoza huduma hiyo peke yake. Sababu zinazotajwa vijiweni ni nyingi, na nyingi kati yake zikipigiwa hesabu hazisimami. Nimechukua zile ninazozisikia mara nyingi zaidi, si kwa nia ya kuwatetea wachuaji (mimi mwenyewe ni mteja, tena mbishi wa bei), bali kwa kuwa asiyejua bei imetoka wapi huishia kugombana na mtu asiyehusika.

"Mafuta kidogo na mikono yake tu, gharama iko wapi?"

Hii ndiyo dhana mama, na nyingine nyingi zimezaliwa nayo. Tuchukue mfano wa kukadiria, ambao kila msomaji anaweza kuurekebisha kwa takwimu za mtaa wake. Mchuaji anafungua saa tatu asubuhi na kufunga saa moja jioni. Hizo ni saa kumi, lakini hawezi kuuza saa zote kumi. Baada ya kila mteja atabadilisha shuka, atapangusa kitanda na kupumzisha vidole, maana kiungo kinachochoka kwanza katika kazi hii ni kile cha dole gumba. Tena wateja hawaji kwa foleni. Tuseme wastani wake ni wateja watatu kwa siku kwa siku 26 za mwezi, yaani wateja 78. Kwa bei ya zamani ya shilingi 10,000 anapata 780,000.

Sasa mafuta. Mteja mmoja anatumia kama mililita 50, na lita moja ya mafuta ya nazi tukiikadiria kwa shilingi 8,000, mafuta ya mteja huyo yamegharimu shilingi 400. Hiyo ni asilimia 4 ya bei. Maana yake ni kwamba hata mafuta yakipanda bei maradufu, sababu hiyo peke yake ingehalalisha nyongeza ya shilingi 400 tu, wala si 5,000. Anayesema "nimepandisha kwa sababu ya mafuta" anatoa jibu jepesi linalomridhisha mteja, si jibu la kweli, na mteja anayenunua chupa yake ya mafuta na kwenda nayo saluni akitarajia nusu bei hushangaa anapopunguziwa vijisenti.

Fedha nyingi ziko kwingine. Kodi ya chumba, umeme, maji, sabuni ya kufulia taulo na leseni vyote hulipwa hata siku ambayo hakuna mteja aliyebisha hodi. Aliyeajiriwa mara nyingi hagusi bei nzima, kwa sababu hugawana na mwenye chumba. Wakigawana nusu kwa nusu katika mfano wetu, mchuaji anaondoka na shilingi 5,000 kwa kila mteja, sawa na 390,000 kwa mwezi, na kutoka hapo alipe pango la nyumbani, unga, mchele, mboga, bodaboda ya usiku na mahitaji ya watoto shuleni. Kwa hiyo kitu hasa kinachouzwa pale kitandani ni saa moja ya maisha ya mtu anayeishi Mtwara, na saa hiyo hupanda bei kila anachokula kinapopanda.

Hapa pana jambo ambalo wanauchumi walilieleza tangu miaka ya 1960, hasa Mmarekani William Baumol, aliyetoa mfano wa wapiga muziki wanne ambao hawawezi kuupiga wimbo uleule kwa nusu ya muda ati kwa sababu viwanda vimeongeza kasi. Kukoboa gunia la mahindi kwa mashine ni jambo la dakika, na bodaboda imefupisha safari iliyokuwa ya baiskeli. Kuchua mgongo kwa saa moja, hata hivyo, kunachukua saa moja leo kama kulivyochukua wakati bibi zetu wa Mikindani walipowasinga maharusi kwa singo na liwa. Kazi isiyoweza kuharakishwa haina mahali pa kuficha ongezeko la gharama, hivyo bei yake huonekana ikipanda kuliko bei za bidhaa za kiwandani hata pale ambapo hakuna tamaa yoyote.

"Serikali inasema mfumuko ni asilimia 3, hawa wameongeza asilimia 50"

Dhana hii ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo inastahili heshima yake. Takwimu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu zinaonyesha wastani wa mfumuko wa bei wa taifa ulikuwa asilimia 3.7 mwaka 2021, 4.3 mwaka 2022, 3.8 mwaka 2023 na 3.1 mwaka 2024. Kosa la kwanza la wengi ni kudhani kwamba mfumuko ukishuka kutoka 4.3 hadi 3.1 basi bei zimeshuka. Bei hazikushuka. Zilipanda juu ya zile zilizokwisha kupanda, ila kwa mwendo wa polepole zaidi. Kosa la pili ni kuangalia mwaka mmoja peke yake. Ukizidisha miaka hiyo minne pamoja unapata ongezeko la karibu asilimia 16, kwa maana kwamba kilichonunuliwa kwa shilingi 10,000 mwaka 2020 kilihitaji takriban 11,600 mwaka 2024.

Kutokana na hesabu hiyo, mchuaji aliyebaki kwenye 10,000 tangu mwaka 2020 amekuwa akikatwa kipato mwaka hadi mwaka bila mtu kumwambia, na yule aliyeruka hadi 15,000 amepita wastani wa taifa kwa kiasi kikubwa. Wote wawili tunao hapa mjini. Sehemu ya mruko huo inaelezwa na tabia ya noti zetu, kwani hakuna anayetoza 11,600 kisha akaanza kutafuta chenji. Bei za huduma hukaa palepale miaka miwili au mitatu, halafu zinapanda ngazi nzima kwa mkupuo, na mteja anaikumbuka ile siku ya kupanda tu, si miaka iliyotangulia. Sehemu nyingine ni kwamba wastani wa taifa umejengwa kwa kapu la bidhaa na huduma nyingi, zikiwamo simu na samani, wakati kapu la mchuaji wa Chikongola limejaa chakula na pango. Hata hivyo, baada ya kuyakubali hayo yote, bado kuna nyongeza ambayo mteja ana haki ya kuihoji, nami huihoji.

Wako pia wanaoambiwa kwamba kilichoongezeka ni VAT. Katika chumba cha kitanda kimoja jibu hilo halina msingi. Tangu Julai 2023 kiwango cha mauzo kinachomlazimu mfanyabiashara kusajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani ni shilingi milioni 200 kwa mwaka. Kwa bei ya 15,000, chumba kingehitaji wateja zaidi ya 13,300, yaani zaidi ya 36 kila siku bila kupumzika hata Idd.

"Gesi inatoka kwetu, umeme wao hauwezi kuwa ghali"

Gesi ya Mnazi Bay, mkoani kwetu, iligunduliwa mwaka 1982, ile ya Songo Songo mkoani Lindi mwaka 1974, na bomba la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015. Waliokuwapo mwaka 2013 wanakumbuka jinsi mjadala wa bomba hilo ulivyouchoma mji huu, na matarajio ya maisha nafuu yaliyozaliwa wakati ule hayajafutika. Ukweli ni kwamba bei ya umeme wa TANESCO, shirika la umeme la taifa, ni moja nchi nzima, hupangwa kwa idhini ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), na haipungui kwa sababu kisima kipo karibu. Mteja wa nyumbani anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, lakini mwenye feni, hita ya maji na mashine ya kufulia taulo huondoka katika kundi hilo na kuhamia kwenye tarifa ya shilingi 292 kabla ya kodi. Saluni ya Mtwara na saluni ya Mwanza zinanunua LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa kipimo kimoja.

Inayofanana na hiyo ni dhana kwamba kilichotengenezwa nyumbani lazima kiwe rahisi, na cha Dar es Salaam lazima kiwe ghali. Kuhusu barabara, hofu ina sababu. Mei 2024, mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya zilivunja barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga, na mji uliotegemea takriban kilomita 560 za lami ukajifunza kusubiri. Lakini petroli na dizeli za kusini hupokelewa pia katika bandari ya Mtwara, na EWURA inapotangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mtwara ina safu yake. Kwa upande wa pili, mafuta ya ufuta ambayo wachuaji wengi wazee wanayapenda kuliko losheni za dukani hayana bei ya kijirani hata kidogo. Ufuta wa Lindi na Mtwara huuzwa mnadani kwa wanunuzi wanaousafirisha nje, na mkulima hawezi kumwachia mkamuaji wa mtaani kwa bei ya chini kuliko ile anayoipata ghalani. Mnunuzi wa China akipandisha, chupa ya mafuta ya ufuta hapa kwetu nayo inapanda.

"Ni tamaa ya msimu wa korosho"

Msimu unafunguliwa Oktoba, minada inaanza, fedha zinaingia benki kwa wakulima wa Tandahimba, Newala na Masasi, na mji unachangamka. Ni kweli kwamba wachuaji wengi hupandisha bei kipindi hicho. Wateja wao, hata hivyo, hubadilika pia, kwani mpagazi aliyebeba magunia ghalani kutwa nzima haji kwa starehe, anakuja kwa sababu kesho anatakiwa abebe tena. Mahitaji yakizidi mikono iliyopo, bei hupanda, na hilo halihitaji mtu mbaya. Kinachoudhi ni kwamba Machi, wakati fedha zimekauka na vitanda vikiwa vitupu, bei inabaki ya Novemba. Mchuaji hujibu kwamba faida ya miezi minne inalisha miezi minane. Namwelewa, ingawa mimi ningemshauri apunguze kidogo na kupata wateja wanne badala ya wawili, kwa sababu kodi ya chumba ni ileile.

Suluhisho linalopendekezwa mara kwa mara ni bei elekezi. Nauli za mabasi zina LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), maji, umeme na mafuta vina EWURA, lakini hakuna mamlaka inayopanga bei ya kuchuliwa, na sioni namna ingeweza kupima mikono ya mtu. Kinyume chake, wenye saluni wa mtaa mmoja wakikaa na kukubaliana kwamba kuanzia mwezi ujao wote watatoza bei moja, makubaliano hayo yanakatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

"Afadhali kuchuliwa kuliko gharama za hospitali"

Kwa misuli iliyokaza baada ya kazi, sawa. Kuchuliwa kunapunguza maumivu kwa muda na kumpa mtu usingizi. Lakini mwili unaouma pamoja na homa, katika mikoa yetu, unahitaji kipimo cha malaria kwanza, na aliyechuliwa mara tatu kwa 15,000 kabla ya kwenda kituo cha afya ametumia 45,000 kuuchelewesha ugonjwa. Mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu ya ndani, hautakiwi kuguswa kabisa, kwa kuwa huenda una damu iliyoganda, na kuuchua kunaweza kuisukuma damu hiyo hadi kwenye mapafu. Mchuaji mzuri humrudisha mteja wa namna hiyo mlangoni, akipoteza mapato ya saa nzima.

Imebaki dhana moja ambayo nilikuwa nayo mwenyewe hadi mwaka huu, kwamba kuna dada wa Magomeni ambaye hajapandisha bei, na kwamba wengine wote wangeweza kumwiga. Kwake bado ni 10,000. Siku moja niliweka simu kando ya mto, nikaangalia saa nilipolala na nilipoamka. Zilikuwa dakika 45. Kwa kipimo hicho saa nzima kwake ni shilingi 13,300, ongezeko la theluthi moja ambalo halikubandikwa popote ukutani. Nilipomuuliza kwa upole alicheka, akasema, "Kaka, ningeandika elfu kumi na tatu ungekuja?" Sikumjibu. Wiki iliyofuata nilikwenda tena, ila kabla ya kulala nilimuuliza saa yake ina dakika ngapi.