Nitakuja kupima, lini sasa?

Kila ikikaribia Machi 24, Siku ya Kifua Kikuu (TB) Duniani, sisi wahudumu wa afya tunapita na spika Manzese, Mbagala, Buguruni, na dalili watu wanazitaja wenyewe kabla hatujamaliza: kukohoa wiki mbili au zaidi, homa, jasho la usiku, kukonda. Wanajua. Ila kuja hawaji, na msituambie ni hela maana kipimo na dawa za TB ni bure vituo vya serikali, hilo tumelisema mpaka koo limekauka.

Marekani miaka ya 1950 yaliwakuta hayo hayo, eksirei za kifua za kutafuta TB ni za bure na watu wanazipita tu. Mwanasaikolojia Godfrey Hochbaum na wenzake wakaenda kuwauliza, wakakuta wanaojitokeza zaidi ni wale wanaoamini mambo mawili kwa pamoja, kwamba na wao wanaweza kuupata ugonjwa, na kwamba kuujua mapema kunasaidia hata kama bado hujisikii kuumwa.

Hapa Dar tunakwama kwenye hilo la kwanza. Eti TB ni ya walevi na wavuta sigara, mimi hata pombe sinywi. Sawa, ila daladala la jioni mvua inanyesha, vioo vimefungwa, mmebanana mpaka mlangoni, hewa hiyo unavuta na nani? Halafu kuna maneno ya watu, mtu anawaza jirani akimuona pale kliniki atasema ana ngoma, yaani UKIMWI, basi anaishia famasi, chupa ya tatu hiyo ya dawa ya kifua. Na wanaosema wamerogwa, jamani tusichoshane, ni bakteria.

Ukija unapewa kikopo, unatoka nje penye hewa, unavuta pumzi ndefu, unakohoa kutoka ndani ya kifua, unatemea humo, unafunga. Makohozi, SIO MATE, mate tutakurudishia. Ukikutwa nayo, dozi ya kawaida ni miezi 6, mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, ni dawa tu hiyo. Ukiacha mwezi wa pili kisa umepata nafuu unajitafutia TB sugu, na dawa zake ni kali zaidi.

Wengine wanaitikia vizuri tu, "nitakuja dokta", na nia wanayo kweli, ila haina siku. Siku hizi hatumwachii aondoke na hiyo nitakuja, tunamuuliza siku gani, asubuhi au mchana, unashuka kituo gani, genge anabaki nalo nani? Na bima haihitajiki.