Sanaa ya utendaji huacha ushahidi

Wengi hudhani sanaa ya utendaji, ambayo kazi yenyewe ni kitendo cha msanii, haiachi kitu. Mtazame Tehching Hsieh, msanii Mtaiwani aliyetoroka melini mwaka 1974 akaishi Marekani bila vibali. Kuanzia Aprili 1980, jijini New York, aligonga kadi ya mahudhurio, kwenye mashine ya kazini inayochapa muda, kila saa, usiku na mchana, mwaka mzima. Kila alipogonga, kamera ilinasa picha moja. Zote zikawa filamu ya dakika sita hivi. Alianza na kipara, ili nywele zioneshe muda ukipita. Shahidi alitia saini kadi, maana udanganyifu ungekuwa rahisi mno. Kati ya mara 8,760 alikosa 133, mara 94 kwa usingizi tu, na akaziorodhesha waziwazi. Mwaka 2017 kumbukumbu hizo zilijaza kuta za maonyesho ya Taiwan huko Venice.