Upepo wa jua na chai isiyopoa

Kila muhula lazima nilisikie: "Mwalimu, upepo wa jua una moto kwa sababu umetoka juani, basi." Hilo "basi" ndilo linaloniudhi. Juzi kalisema mtu wa shahada ya pili.

Upepo wa jua, yaani mkondo wa chembe zenye chaji unaovuma kutoka juani, juani umetoka, nani kabisha? Lakini gesi ikitanuka hupoa, na upepo huu hutanuka pande zote. Usipopashwa njiani, jotoridi lake lingegawanywa kwa umbali kutoka juani uliopandishwa kipeo cha 4/3: umbali ukiongezeka maradufu, gawa kwa 2.5. (Toeni kikokotoo. Ubishi bila kikokotoo ni porojo.) Tuanzie karibu na dunia, protoni (viini vya hidrojeni, chembe kuu za upepo huu) zikiwa na kelvini 100,000 hivi. Neptuni iko mbali na jua mara 30 kuliko sisi, kwa hiyo kule tungekuta kama 1,000 tu. Chombo cha anga Voyager 2 kilikuta mara kadhaa ya hapo, tena kilipozidi kwenda mbali jotoridi likaanza kupanda. Chai gani hiyo, ukiiepua inazidi kupata moto?

Kinachoupasha upepo huu njiani ni msukosuko. Mawimbi ya Alfvén (mitikisiko ya mistari ya uga wa sumaku) yanayotoka juani hupishana na yale yanayoelekea kinyume ndani ya upepo wenyewe. Yakikutana huvunjana kuwa vizingia (mizunguko kama ya maji) vidogo, navyo huvunjika tena na tena, hadi kufikia kilomita 100 hivi, kadiri ya duara ambalo protoni huzunguka kwenye uga wa sumaku. Hapo nishati huziingia chembe. Huko mbali kuna kichocheo kingine: atomi za hidrojeni kutoka baina ya nyota hupoteza elektroni, zikanaswa na uga na kuamsha mawimbi mapya.

Wengine hudai ni msuguano, kama kusugua viganja. Viganja vipi? Sentimita moja ya ujazo ina protoni kama 5, na chembe yaweza kusafiri karibu masafa yote ya jua hadi dunia kabla ya kugongwa sawasawa. Tena migongano husawazisha joto. Mbona kwenye upepo wa kasi ioni (atomi zilizopoteza elektroni) za heli zina jotoridi mara 4 au zaidi ya protoni?

Na hapana, kelvini 100,000 haziunguzi satelaiti. Chembe ni chache mno. Ngao ya Parker Solar Probe, chombo kinachopita karibu na jua, inapambana na mwanga wa jua.

Mnaopenda ubishi, bisheni hili: vile vizingia vya mwisho hukabidhi nishati kwa njia gani hasa, kwa mawimbi kwenda sambamba na mzunguko wa ioni, au kwa mistari ya sumaku kukatika na kuungana upya? Hapo hata sisi bado tunagombana.