Michezo na viungo vya mtoto wa chekechea: dhana potofu na ukweli

Dhana: Mtoto akipewa penseli mapema, mkono hukomaa haraka.

Penseli haikomazi mkono. Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8, na kwa mtoto wa miaka 3 mingi bado ni gegedu, yaani haijawa mfupa mgumu. Wa mwisho huanza kuwa mfupa kati ya miaka 8 na 12. Tena udhibiti wa viungo huanzia katikati ya mwili: kiwiliwili na mabega kwanza, vidole mwisho. Mtoto ambaye bega lake bado halijapata nguvu huilalia meza na kuchora kwa mkono mzima. Huyo huitwa mvivu, kumbe amechoka.

Kwa kawaida mtoto huweza kunakili duara akiwa na miaka 3, msalaba miaka 4, pembetatu miaka 5 hivi. Kumdai herufi K yenye mistari ya mshazari akiwa bado kwenye duara ni kumkosea.

Mpe udongo akande, sponji yenye maji akamue, vifungo afunge, shanga kubwa atunge (ndogo humezwa). Kalamu ya rangi ya nta ivunje, ibaki kipande cha sentimita 3: haishikiki kwa ngumi, itabidi aibane kwa ncha za vidole. Bandika karatasi ukutani usawa wa macho yake. Kifundo kitapinda kuelekea nyuma, mkao uleule atakaouhitaji akianza kuandika.

Mkasi uwe wa watoto, wenye ncha butu, naye akate akiwa ameketi. Anza na utepe wa karatasi ngumu wenye upana wa sentimita 2, unaokatika kwa mkato mmoja. Karatasi laini hujikunja katikati ya makali, na mtoto hudhani kosa ni lake. Gumba la kila mkono litazame juu, kiwiko kikae karibu na ubavu. Kufuata mstari ulionyooka ni kazi ya miaka 4; kukata duara, miaka 5.

Dhana: Waachie uwanja tu, kurusha na kudaka watajua wenyewe.

Kukimbia, ndiyo. Kurusha, kudaka na kuruka kwa mguu mmoja huhitaji kuonyeshwa na kurudiwa. Asiyeonyeshwa hurusha kwa mkono tu, au hutanguliza mguu wa upande uleule wa mkono unaorusha, hivyo kiuno hakizunguki na mpira hauendi mbali. Chora alama chini: anayetumia mkono wa kulia akanyage mbele kwa mguu wa kushoto. Mwambie arushe kwa nguvu kwanza, shabaha baadaye. Anayeanza na shabaha hufupisha mkono na kusukuma mpira badala ya kuurusha.

Anayefumba macho mpira ukija anaogopa kuumia, na ana haki. Tumia mpira laini wenye kipenyo cha sentimita 20 hadi 25, simama umbali wa mita 1.5, uudundishe mara moja ili apate muda wa kuufuata kwa macho.

Dhana: Magurudumu ya pembeni ndiyo hatua ya kwanza ya baiskeli.

Yanafundisha kukanyaga pedali, jambo jepesi. Usawa hayafundishi. Ondoa pedali, shusha kiti hadi nyayo zote mbili ziguse chini, ajisukume. Pedali zirudi akishaweza kuteleza miguu ikiwa juu.

Dhana: Unyayo bapa unahitaji viatu maalumu.

Katika umri huu ni kawaida. Asimame kwa ncha za vidole: upinde ukijitokeza na hana maumivu, mwache.

Dhana: Anayetumia mkono wa kushoto arekebishwe.

Hapana. Weka vitu mbele yake, katikati, achague mkono mwenyewe.

Dhana: Nusu saa ya mazoezi kwa siku inatosha.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019, kwa watoto wa miaka 3 na 4, unataka angalau dakika 180 za kujishughulisha kwa siku, 60 kati yake ziwe za kumfanya aheme. Zinaweza kugawanywa siku nzima. Kukaa mbele ya skrini kusizidi saa 1.

Dhana: Akichelewa, subiri tu.

Watoto hutofautiana kwa miezi mingi, na kuchelewa kidogo katika jambo moja si ugonjwa. Ila mtoto anayepoteza uwezo aliokuwa nao, anayetumia upande mmoja tu wa mwili, au anayeanguka mara nyingi kuliko alivyozoea, apelekwe kwa daktari bila kusubiri siku ya kuzaliwa ijayo.