Je, wajua? Jua la utosi Dodoma ni la siku mbili tu kwa mwaka

Ukimchora mtu aliyesimama mtaani Dodoma saa sita mchana, kivuli chake kinaangukia wapi? Kwa miaka kadhaa jibu langu lilikuwa moja: chini ya miguu yake. Daftari langu la kwanza la michoro ya mjini limejaa watu waliosimama juu ya kidoa cheusi, utadhani kila mmoja alimwagikiwa na wino akipita. Mama lishe na masufuria yake, vijana wa bodaboda wakisubiri abiria, muuza karanga karibu na soko la Majengo, wote wana kidoa.

Aliyenishtua ni fundi viatu mmoja, mzee anayefanyia kazi kando ya ukuta mrefu unaokwenda mashariki hadi magharibi. Ilikuwa Julai. Nilimwamkia, nikakaa juu ya ndoo, nikamchora kwa muda wa kama dakika arobaini, kisha nikamwonyesha. Akaitazama karatasi, sindano bado iko mkononi.

"Mwanangu, kivuli umekiweka chini ya kiti," akasema. "Kingekuwa hapo, mimi huku ningekuwa nafanya nini?"

Mzee alikuwa amekaa upande wa kusini wa ukuta, ndani ya kivuli cha upana wa mita moja hivi, kinachotosha kiti, sanduku la zana na miguu ya mteja mmoja. Saa yangu ilisema saa sita na nusu. Akaniambia ikifika Desemba huhamia upande wa pili wa ukuta huohuo.

Kosa langu lilikuwa na mizizi miwili. Wa kwanza ni lugha. Mchana wowote wenye joto tunauita wa jua la utosi, na ukilisema jambo mara nyingi hukumbuki tena kuangalia juu. Wa pili ni somo la jiografia nililolimeza nusu: kwenye Ikweta jua huwa kichwani, Dodoma iko nyuzi 6 na kidogo tu kusini ya Ikweta, basi na kwetu ni hivyohivyo. Kumbe hata Ikweta yenyewe hupitiwa utosini mara mbili tu kwa mwaka, Machi na Septemba.

Baada ya fundi kunirekebisha nilikwenda nikakosea upya, safari hii kwa kusoma. Mafunzo mengi ya uchoraji yametoka Ulaya, na huko mchoraji huambiwa jua la mchana liko kusini, vivuli vinaelekea kaskazini, na dirisha bora la chumba cha kuchorea ni la kaskazini kwa sababu mwanga wake ni mtulivu. Kwa London, ushauri ni mzuri. Mimi niliufuata Dodoma, nikaweka meza kwenye dirisha la kaskazini mwezi Mei, na jua likaja kukaa juu ya karatasi.

Kinachotokea hasa ni hiki. Dunia inalizunguka jua huku mhimili wake umeinama nyuzi 23.4, na mwinamo huo hauelekezi upande mwingine safari nzima. Chukua chungwa, lichomeke njiti katikati, liinamishe kidogo, kisha lizungushe taratibu kuzunguka kibatari kilicho mezani, njiti ikiendelea kuelekea kona ileile ya chumba. Utaona upande mmoja wa meza nusu ya juu ya chungwa ndiyo inayotazamana na moto, na upande wa pili ni nusu ya chini.

Kwa sisi tuliosimama juu ya hilo chungwa, jua la mchana linaonekana kama basi la masafa marefu. Kituo chake cha mwisho kaskazini ni nyuzi 23.4, usawa wa kusini mwa Misri, linafika Juni. Cha kusini ni usawa wa Limpopo, Afrika Kusini, linafika Desemba. Dodoma ni kituo cha njiani, kwa hiyo basi linaipita mara mbili: likishuka kusini, tarehe 8 au 9 Oktoba, na likirudi, kama tarehe 5 Machi. Mbeya, iliyo kusini zaidi, hupitiwa katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari. Na kwa kuwa Dodoma haiko katikati kabisa ya njia, basi hukaa kaskazini yetu miezi saba na kusini miezi mitano tu.

Basi hili lina tabia moja ya ajabu. Katikati ya njia linakimbia, na kwenye vituo vya mwisho linajikokota. Ndiyo maana Juni nzima kivuli cha mchana cha nguzo ya mita 2 huwa kama sentimita 114 kuelekea kusini, hakibadiliki sana, na Desemba huwa kama sentimita 62 kuelekea kaskazini. Mwanzoni mwa Machi, siku chache zinatosha kukigeuza upande. Niseme pia kwamba "siku mbili" ni hesabu kali. Siku tatu kabla au baada, kivuli cha nguzo hiyo ni sentimita 4 hivi, na penseli butu haioni tofauti.

Halafu kuna saa yenyewe. Saa za Tanzania zimepangwa kwa mstari wa longitudo 45, unaopita karibu na Mogadishu, ilhali Dodoma iko karibu na 36. Jua linatufikia limechelewa dakika 37 kwa wastani. Wastani huo nao unayumba: mwanzoni mwa Novemba jua hufika kileleni kama saa 6:21 mchana, katikati ya Februari kama saa 6:51. Anayefuata ratiba ya sala ya Adhuhuri amekuwa akiliona jambo hili miaka yote.

Siku hizi nikikaa kuchora, kivuli ndicho naanza nacho, maana baada ya dakika arobaini jua limeshasogea nyuzi 10 na mchoro una vivuli vya saa mbili tofauti.

Machi iliyofuata nilirudi kwa fundi. Siku jua linapopita utosini, linatembea karibu sambamba na ule ukuta kutoka asubuhi hadi jioni, hivyo kusini hakuna kivuli na kaskazini hakuna. Mzee alikuwa amefungua mwavuli.